Shubiri moja kwa kilomita: mfereji wa Kirumi uliopeleka maji Nîmes

Anayefika kwenye mto Gardon, kusini mwa Ufaransa, hukutana na daraja la mawe lenye safu tatu za matao na kimo cha mita 48.8. Hilo ndilo Pont du Gard. Watu hulipiga picha, hulipigia hesabu ya matao, kisha huondoka wakiamini wameuona mfereji wa maji wa Warumi. Walichokiona ni kipande kisichofika nusu kilomita cha kazi ya kilomita 50. Sehemu kubwa ya mfereji huo imefukiwa ardhini, na huko ardhini ndiko mafundi walikotokwa jasho zaidi. Daraja lilidai mawe mengi na mikono mingi. Mfereji ulidai mteremko, na mteremko wenyewe ulikuwa haba kupita kiasi.

Maji hayo yalikuwa yakienda Nemausus, mji ambao leo unaitwa Nîmes. Kuna dhana kwamba mji ulikuwa unakufa kiu. Haikuwa hivyo: Nemausus ulikuwa na chemchemi yake katikati ya mji, tangu kabla ya Warumi kufika, na watu wakiishi kwa maji hayo pamoja na visima. Kilichokosekana ni maji ya kuchezea. Mji wa Kirumi wa karne ya kwanza ulitaka mabafu ya umma, mabomba yanayomwaga maji barabarani usiku na mchana, na nyumba za wakubwa zenye vidimbwi uani. Mji wenye hadhi usio na maji yanayotiririka ulikuwa kama harusi isiyo na ngoma. Na maji hayo hayakufungwa kwa koki kama yetu ya leo. Yalitiririka muda wote, na yaliyobaki yakasafisha mitaro ya maji machafu.

Chanzo, na kwa nini njia ilipinda

Chanzo cha maji ya mfereji kinatakiwa kiwe na sifa tatu kwa pamoja: maji mengi hata wakati wa kiangazi, maji safi, na kiwe juu kuliko mji. Hiyo ya tatu ndiyo inayokataa wagombea wengi. Wapimaji waliikuta chemchemi ya Eure, karibu na Uzès, kama kilomita 20 kutoka Nemausus ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani. Maji yake yalikuwa mengi na mazuri. Lakini tofauti ya kimo kati ya mwanzo wa mfereji na mwisho wake mjini ilikuwa mita 12.6 tu.

Tena njia iliyonyooka haikuwezekana. Kati ya Uzès na Nîmes kuna vilima vya mawe ya chokaa vilivyoota vichaka vikavu. Kuvipasua moja kwa moja kungehitaji handaki la zaidi ya kilomita 8. Kwa hiyo njia ilizungushwa upande wa mashariki, ikavuka bonde la Gardon, ikapinda na kurudi kuelekea mjini ikifuata mbavu za vilima. Kilomita 20 zikageuka kuwa 50, na kila kilomita iliyoongezeka iligawana zile mita 12.6 zilezile.

Piga hesabu. Mita 12.6 kugawa kwa kilomita 50 ni sentimita 25 kwa kila kilomita: shubiri moja na kidogo. Chukua uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100. Mstari wa goli moja unakuwa chini ya mwingine kwa sentimita 2.5. Mtu anayesimama katikati ya uwanja huo ataapa kwamba ni tambarare kama meza.

Na huo ni wastani. Baada ya kuvuka Gardon, katika kipande kinachojipinda kuelekea Saint-Bonnet, mteremko unashuka hadi milimita 7 kwa kila mita 100, yaani unene wa penseli. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne hiyohiyo, alitaja robo inchi ya Kirumi kwa kila futi 100 kuwa ndicho kiwango cha chini kabisa. Ukigeuza vipimo, hiyo ni kushuka sehemu moja kwa kila sehemu 4,800. Mafundi wa Nîmes walikwenda hadi moja kwa kila 14,000 na ushei. Walifanya kazi kwenye mteremko mdogo mara tatu kuliko ule ambao vitabu vyao vilisema ndio mwisho.

Kwa nini hawakuugawa mteremko sawasawa? Jibu liko kwenye daraja. Kabla ya kufika Gardon, mfereji unateremka kwa kasi zaidi makusudi, ili uvuke bonde ukiwa chini. Kama mteremko ungekuwa sawa njia nzima, daraja lingehitaji kuwa juu zaidi kwa mita kadhaa, na Warumi hawakupenda kabisa kujenga daraja la maji linalozidi mita 50. Kwa hiyo waliokoa mawe kwenye daraja, deni wakalilipa upande wa pili kwa kwenda na mteremko mwembamba mno. Ni uamuzi wa mtu mwenye hesabu kichwani, na wa mtu anayewaamini wapimaji wake.

Wapo wanaouliza kwa nini hawakutumia bomba lililoshuka bondeni na kupanda upande wa pili kwa msukumo wa maji yenyewe. Waliijua mbinu hiyo vizuri. Mfereji wa Gier, uliolisha mji wa Lyon, ulivuka bonde la Beaunant kwa mabomba ya madini ya risasi yaliyoshuka kama mita 123. Lakini njia hiyo hula risasi kwa wingi wa kutisha, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja. Kwa bonde ambalo daraja linaweza kulivuka, daraja lilikuwa nafuu.

Pima maji la futi 20

Kifaa cha kupimia kilichoelezwa na Vitruvius, mjenzi wa Kirumi, kiliitwa korobate. Ni ubao ulionyooka wa futi 20, yaani karibu mita 5.9, wenye miguu miwili iliyosimama wima. Kwenye miguu kuna mistari iliyochongwa, na mbele yake huning'inia timazi. Timazi zikilingana na mistari, ubao umelala sawa. Upepo ukivuma na kuzichezesha timazi, mpimaji humimina maji kwenye mfuo uliochongwa juu ya ubao, wenye urefu wa futi 5. Maji yakigusa kingo zote mbili za mfuo kwa usawa, kazi inaendelea. Fundi mwashi yeyote wa leo anakitambua: ni pima maji, kubwa tu kama mtumbwi.

Tatizo la kifaa hiki ni makosa madogo yanayojirudia. Tuseme mpimaji alihamisha ubao wake hatua kwa hatua, mwisho wa huu ukianza na mwanzo wa ule. Kilomita 50 zingehitaji kuusimika zaidi ya mara 8,400. Ubao ukiwa umepinda kidogo na kumdanganya kwa milimita moja tu kila mara, tena upande uleule, mwishoni atakuwa amekosea kwa zaidi ya mita 8, na yeye ana mita 12.6 tu za kuchezea. Dawa yake ni kuugeuza ubao nyuma mbele na kupima tena, kwa sababu kosa la kifaa hubadili upande na hujifuta. Kisha mstari mzima hupimwa kwenda na kurudi, na tofauti hugawanywa. Hakuna muujiza humo. Kuna subira tu.

Sehemu iliyofichwa

Mfereji wa ardhini ulijengwa kwa mpangilio uleule karibu njia nzima. Kwanza handaki la wazi lilichimbwa kufuata vigingi vya wapimaji. Chini likawekwa tabaka la mawe yaliyoshikwa kwa chokaa, ndio msingi. Juu yake kuta mbili za mawe zilipandishwa, zikiacha nafasi ya upana wa takriban mita 1.2 katikati. Kisha sakafu na kuta zikapigwa lipu, juu likafungwa tao la mawe, na udongo ukarudishwa. Kimo cha ndani ni karibu mita 1.8, wala hakikuchaguliwa kwa ajili ya maji, kwani hayakupaswa kujaza mfereji hadi juu. Kilichaguliwa kwa ajili ya mtu. Fundi alitakiwa aweze kuingia, kusimama na kusugua. Ndiyo maana pia kulikuwa na matundu ya kushukia, yaliyofunikwa kwa vibao vya mawe.

Lipu ndiyo iliyobeba dhamana ya kutovuja. Chokaa ya kawaida huhitaji hewa ili ikauke, na ndani ya maji hulainika. Warumi walichanganya chokaa na vigae vya kuchoma vilivyopondwapondwa. Vumbi la udongo uliochomwa hufungamana na chokaa na kuifanya ishike hata penye unyevu. Juu ya lipu hiyo, Pont du Gard lilipakwa tabaka jekundu la kuzuia maji lililokuwa na chokaa iliyozimwa, mafuta ya nguruwe na utomvu wa tini mbichi.

Penye kilima kisichozungukika walitoboa. Mahandaki ya Sernhac bado yapo, na alama za sululu zinaonekana ukutani kama zilichongwa juzi.

Daraja

Kwa kuwa kila mtu hulizungumzia, tulizungumzie. Safu ya chini ina matao 6, ya kati 11, na ya juu imebakiwa na matao madogo 35 kati ya 47 ya awali. Tao kubwa zaidi, lile linaloruka maji ya mto wenyewe, lina upana wa mita 24.5. Uzito wote wa daraja ni karibu tani 50,000 za mawe ya chokaa, yaliyochimbwa kwenye machimbo ya Estel, umbali wa kama mita 700 kufuata mto kwenda chini. Ukaribu huo wa machimbo ulikuwa bahati kubwa.

Safu mbili za chini hazina chokaa ya kuunganishia. Mawe, mengine yakifikia tani 6, yalichongwa yakakaa juu ya wenzake kwa uzito wake tu. Ili yasichanganyike, yalitiwa alama za mahali pa kukaa. Baadhi bado zinasomeka, kama FR S III, maana yake uso wa mbele, kushoto, la tatu. Mawe yanayochomoza ukutani, ambayo wageni hudhani ni pambo au kazi isiyomalizika, yalibeba jukwaa na viunzi vya mbao vya kujengea matao. Yaliachwa pale yatumike tena wakati wa matengenezo. Nguzo zilizo mtoni zina ncha upande unakotoka maji, kwa sababu Gardon hufurika kwa ghafla na kwa hasira. Mwaka 1958 na 2002 yalitokea mafuriko makubwa, na daraja halikuyumba.

Mfereji wenyewe unapita juu kabisa. Kutoka upande mmoja hadi wa pili, sakafu yake inashuka sentimita 2.5 tu.

Jambo moja liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu: ukilitazama kutoka juu, daraja limepinda kidogo. Wengi walidhani Warumi walilipinda makusudi ili lihimili mkondo. Vipimo vya mwaka 1989 vilionyesha kwamba ni jua. Mawe hutanuka mchana na kunywea usiku, daraja likisogea kama milimita 5 kila siku, na mazoea hayo ya karne nyingi yameacha mpindo.

Siku maji yalipofunguliwa

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mfereji ulijengwa na Agrippa, mkwe wa mfalme Augustus, mnamo mwaka 19 KK, kwa kuwa wakati huo alikuwa Gaul (Ufaransa ya leo) akisimamia kazi. Uchimbaji wa kiakiolojia umeisogeza tarehe hadi kati ya mwaka 40 na 60 BK. Sarafu na vyungu vilivyokutwa kwenye kazi ni vya kipindi cha mfalme Claudius, na ushahidi huo ni mgumu kuubishia.

Maji yalipoachiwa, kuna mahali yalifurika. Mteremko mwembamba una adhabu yake: maji yakienda polepole hujikusanya na kupanda kimo. Ilibidi kuta ziongezwe urefu, hata juu ya daraja. Kasoro kama hii hairekebishwi kwa kubadili mteremko, maana kilomita nzima imekwishafukiwa. Kinachowezekana ni kuongeza kina na kudhibiti kiasi kinachoingia. Karibu na chemchemi kulikuwa na beseni lenye mlango wa kuinua na kushusha, na maji yaliyozidi yalimwagwa kwenye mto Alzon.

Kazi ilipotulia, mfereji ulikadiriwa kupeleka mita za ujazo 40,000 kwa siku, sawa na lita 460 hivi kila sekunde. Tone moja lilichukua zaidi ya siku nzima kutoka Uzès hadi mjini. Mafundi walipaswa kulikumbuka hilo, kwa sababu mlango ukifungwa chanzoni leo asubuhi, mji hauhisi hadi kesho.

Mwisho wa safari ulikuwa beseni la mviringo lenye kipenyo cha mita 5.5 na kina cha mita 1, lililogunduliwa mwaka 1844 na bado laweza kutembelewa katikati ya Nîmes. Ukutani lina matundu 10 makubwa, kila moja sentimita 40, ambamo mabomba ya risasi yaliingizwa kuelekea mitaa mbalimbali. Sakafuni kuna matundu matatu zaidi, ya kutolea maji yote wakati wa kusafisha. Hofu ya sumu ya risasi hujitokeza kila mara hapa. Risasi ni sumu kweli, na Vitruvius alionya kwamba mabomba ya udongo ni salama zaidi. Ila maji haya yalipita bila kutuama, tena yalikuwa na chokaa nyingi iliyopaka ndani ya bomba ngozi ngumu.

Wezi, mizizi na chokaa

Kuhusu yanayoharibika, shahidi bora ni Frontinus, aliyekabidhiwa usimamizi wa maji ya jiji la Roma mwaka 97 BK na kuandika ripoti yenye hasira za kiofisi. Roma ilikuwa na watumwa 700 wa kazi hiyo, 240 wa kundi lililoanzia kwa Agrippa na 460 walioongezwa na Claudius. Mwenye kibali aliwekewa mdomo wa shaba wenye kipimo maalumu na muhuri. Wezi walijua kwamba kipimo ni cha mdomo tu, basi nyuma yake wakafunga bomba pana zaidi, nalo likavuta maji mengi. Wengine walitoboa mabomba chini ya barabara na kuwauzia maji wenye maduka, mafundi wa serikali wakiwa washirika. Anayeijua biashara ya maji katika miji yetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Sheria za Roma pia zilitaka nafasi tupu ya futi 15 kila upande wa chemchemi, matao na kuta, na futi 5 kwa mifereji ya chini ya ardhi mjini. Kisa ni miti. Mzizi ukipata ufa wenye unyevu huingia kama uzi na kutoka kama kamba, ukibandua mawe.

Lakini Nîmes ilikuwa na adui wa kudumu aliyetoka ndani ya maji yenyewe. Maji ya mvua hubeba kabonidayoksaidi kutoka udongoni, na kwa asidi hiyo hafifu huyeyusha mawe ya chokaa. Yakikutana na hewa ndani ya mfereji, gesi hupotea na chokaa hurudi kuwa jiwe. Ni ukoko uleule unaoonekana ndani ya birika la chai kwa wanaotumia maji ya visima vya pwani. Katika birika unaukwangua. Katika mfereji wa Nîmes, palipokuwa pabaya zaidi, ukoko ulifikia sentimita 46 kila ukuta. Toa mara mbili kutoka upana wa mita 1.2, unabakiwa na sentimita zisizofika 30. Ulijengwa mtaro wa mtu kupita, ukaishia kuwa mfuo wa paka.

Ukoko huo hukua kwa matabaka, kwa hiyo unasimulia. Ya mwanzo ni safi na magumu. Kuanzia karne ya nne yanakuwa machafu, yamechanganyika na udongo na alama za mizizi: vifuniko vimevunjika, hakuna anayeingia kusugua. Mfereji haukukatwa kwa siku moja na adui mwenye shoka. Uliachwa. Maji yaliendelea kupungua hadi pengine karne ya sita, kisha yakakoma.

Baada ya hapo mfereji ukawa machimbo. Watu walibeba mawe ya kuta na, la ajabu zaidi, vipande vya ukoko wenyewe, kwa kuwa ni jiwe gumu linalokatika vizuri, wakajengea. Pont du Gard lilisalia kwa sababu lilipata kazi nyingine: lilikuwa kivuko cha Gardon, na wapitao walilipa ushuru. Kazi hiyo nayo nusura iliue. Katika miaka ya 1620 Duke wa Rohan aliagiza nguzo za safu ya kati zichongwe upande mmoja, theluthi moja ya unene wake iondolewe ili mizinga ipite, na uzito wote wa juu ukabaki kwenye kilichosalia. Ukarabati ulifanywa mwaka 1703. Kati ya 1743 na 1747 mhandisi Henri Pitot alijenga daraja la barabara lililoegemea safu ya chini, matao kwa matao, na msafara ukahamia huko. Chini ya mfalme Napoleon III, kuanzia 1855, daraja lilikarabatiwa tena na mawe yaliyolika yakabadilishwa. UNESCO iliandikisha daraja kuwa urithi wa dunia mwaka 1985. Mfereji uliobaki, ule wa shubiri kwa kilomita, umelala vichakani kati ya Uzès na Nîmes, vifuniko vimetoka, na ndani yake bado kuna ule ukoko.